Fukusi au dumuzi? Somo la kuwatambua wabunguaji wetu

Huku Kusini mwa Tanzania kila kinachobungua chakula tunakiita fukusi, kiwe kwenye mahindi, kunde au makopa (mihogo iliyokaushwa). Ukikosea jina utakosea na dawa, kwa hiyo tuanze.

1. Chekecha mahindi juu ya karatasi nyeupe. Fukusi akiguswa hukunja miguu na kujifanya mfu. Msubiri, atatembea.

2. Tazama kichwa. Fukusi halisi ana mkonga, na taya zake ziko kwenye ncha ya huo mkonga. Ukimtazama kwa juu usione kichwa kabisa, kimefunikwa na kifua, huyo ni dumuzi (wengine humwita Scania), kwa jina la kisayansi Prostephanus truncatus, mgeni kutoka Amerika. Si fukusi hata kidogo.

3. Sasa vipapasio, hapa lenzi inahitajika. Vikiwa na kiwiko, familia ni Curculionidae. Vikiwa vimenyooka, fikiria Brentidae, waliko fukusi wa viazi vitamu, Cylas: wembamba, kiuno kimebanwa kama cha siafu.

4. Mgongoni. Madoa manne mekundu-mekundu kwenye mabawa magumu ni Sitophilus, fukusi wa nafaka. Wengi huishia kusema "wa mahindi ni zeamais, wa mchele ni oryzae". Si kweli, wote wawili hula nafaka zote mbili. Kuwatenganisha kwa uhakika hupasuliwa dume, zikatazamwa sehemu za uzazi kwa hadubini. Wewe andika Sitophilus tu, inatosha.

Wa mikorosho, Mecocorynus loripes, hana haja ya lenzi: mkubwa, kijivu-kahawia, mgongo una vinundu. Shina likitoa utomvu mweusi uliochanganyika na vumbi la mbao, bandua gome, utakuta mabuu.

MASWALI

Shikamoo mwalimu. Wa kunde zangu hana mkonga. Ni nani?
Marahaba. Ni Callosobruchus, ndugu wa mbawakavu wa majani, familia Chrysomelidae. Angalia punje: mayai yake meupe yamegandishwa juu ya ganda.

Makopa yangu ya Newala yamegeuka unga mtupu. Fukusi?
Unga mwingi namna hiyo ni wa dumuzi, kaka. Anatoboa ovyo hata asipokula. Pasua kopa moja uhakiki kichwa.

Naomba kujua dume na jike wa Cylas.
Kipingili cha mwisho cha kipapasio: cha dume kirefu kama uzi, cha jike kifupi, kimevimba.