Insha ya kuarifu na insha ya kushawishi: jiandae kabla hujaanza chuo

Mwongozo huu ni wa aliyemaliza kidato cha sita, au anayerudi kusoma baada ya miaka ya kazi, na mbele yake kuna kazi za maandishi za chuo. Nimeuandika baada ya kumsaidia binti wa jirani hapa Sinza anayejiandaa kuanza stashahada. Sarufi yake ni safi na mwandiko unasomeka, lakini ukimaliza insha yake hujui anataka uamini nini. Wengi ninaowasaidia wanakwama hapo hapo, kwa hiyo hatua ya nne ni ndefu kuliko nyingine zote.

Tutatumia mada moja mwanzo hadi mwisho: msongamano wa magari Dar es Salaam.

Hatua ya 1: Kauntabuku na kalamu

Rasimu ya kwanza iandike kwa mkono. Simu siipendi kabisa kwa kazi hii. Kioo kinakuonyesha mistari michache, uzi wa hoja unakupotea, na kunakili sentensi za watu kunakuwa rahisi mno.

Hatua ya 2: Kusanya taarifa

Idadi ya watu itafute Ofisi ya Taifa ya Takwimu, mambo ya barabara TANROADS, ya nauli na usafiri wa abiria LATRA. Kwa vitabu, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Kila unachonakili, andika pembeni umekitoa wapi na ni cha mwaka gani. Fanya hivyo pale pale, usisubiri kufika nyumbani.

Hatua ya 3: Anza na insha ya kuarifu

Huwezi kumshawishi mtu juu ya jambo ambalo hujaweza kumweleza. Kwa hiyo andika kwanza aya za kueleza tu, mfano:

"Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, na ya 2022 ikahesabu 5,383,728, ongezeko la kama asilimia 23. Ofisi na maduka mengi yako Posta na Kariakoo, na barabara kuu zinazoingia huko ni chache: Morogoro, Nyerere, Kilwa na Bagamoyo. Asubuhi watu wengi huelekea upande mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2016 mabasi ya mwendokasi yalianza kubeba abiria kati ya Kimara na Kivukoni kwenye njia yao yenyewe. Daraja la Mfugale pale TAZARA lilifunguliwa 2018, na la Kijazi pale Ubungo 2021."

Humo hamna "inasikitisha" wala "umefika wakati". Mpe mtu anayependa madaraja ya juu na mwingine asiyeyapenda. Wote wawili wakisema "ni kweli, ndivyo ilivyo", umeshaarifu. Angalia pia kwamba aya haikuishia kwenye namba, imetaja sababu. Orodha ya takwimu bila sababu haimwelezi msomaji kitu.

Hatua ya 4: Tafuta dai

Hapa ndipo saa zinapokwisha, na ni sawa zikwishe hapa.

Sasa tunaingia insha ya kushawishi, nayo inasimama juu ya dai. Dai ni sentensi moja ambayo mtu mwenye akili zake anaweza kuikataa. Binti alianza na "Msongamano una athari nyingi kwa uchumi." Nikamwambia atangulize "Sikubali kwamba" halafu asome. Nani atasimama aseme hakubali? Hakuna. Basi hilo ni jambo linalojulikana, siyo dai. Akaja na "Barabara zipanuliwe." Hapo amesogea, lakini barabara zipi, kwa fedha ipi, na kitu gani kisubiri? Baada ya kufuta sana akafika hapa: "Fedha za barabara za Dar es Salaam zitumike kwanza kuongeza njia za mwendokasi, kabla ya kujenga madaraja mengine ya juu." Hilo linakatalika, kwa hiyo linateteka.

Lakini usikimbilie kuandika. Kwanza, dai na sababu zake visizidi ushahidi ulio nao. Alitaka kuongeza kwamba watu wa Dar wanaongezeka kwa kasi kuliko wakati wowote. Sensa zinakataa: ile ya 2012 ilitoa wastani wa ukuaji wa asilimia 5.6 kwa mwaka, ya 2022 asilimia 2.1. Watu wameongezeka, kasi imepungua. Mhadhiri anayezijua namba hizo akikukamata na sentensi moja kama ile, hata zile za kweli atazisoma kwa mashaka.

Pili, mtafute mpinzani mwenye nguvu, siyo mnyonge wa kumwangusha kirahisi. Kwenye dai hili mpinzani ni dereva wa lori. Mizigo ya bandarini inapita Barabara ya Mandela kwenda bara, na kontena halipandi mwendokasi. Lori linanufaika na daraja la juu kama la Ubungo. Pingamizi hilo ni la haki. Ukilificha, msomaji atalikumbuka mwenyewe na atakuona hukufikiri. Lililobaki ni kulipunguza dai: "katika barabara zinazobeba zaidi abiria kuliko mizigo, fedha zitumike kwanza…" Wanafunzi wengi wanaogopa kupunguza, wanadhani insha itakosa nguvu. Mimi naona kinyume chake: dai dogo lililobanwa vizuri ni gumu kulipangua.

Tatu, ukigusa dai, rudi kwenye kila aya. Aya iliyotetea dai la zamani haifai tena, hata kama ndiyo uliyoipenda kuliko zote. Ikate.

Na kwa kuwa chuo kikuu utaandika sana kwa Kiingereza, libuni dai kwa Kiswahili kwanza. Kama huwezi kulisema kwa lugha unayoiota, Kiingereza hakitalisaidia.

Hatua ya 5: Funga ushahidi na dai

Baada ya kila ushahidi, andika sentensi inayosema kwa nini unaunga mkono dai. Usiandike tu kwamba mwendokasi ina njia yake. Endelea: "kwa hiyo basi lenye abiria zaidi ya mia halisubiri nyuma ya gari lililobeba mtu mmoja." Na "wataalamu wanasema" sitaki kuiona. Mtaje aliyesema, au ifute.

Hatua ya 6: Utangulizi na hitimisho

Mlishafundishwa. Utangulizi uandike mwisho.

Hatua ya 7: Msomee asiyekubaliana nawe

Siyo rafiki yako, yeye atakusifu. Msomee kwa sauti mtu ambaye dai linamgusa mfukoni, kama dereva wa daladala anayeiona mwendokasi inamnyang'anya abiria. Usimuulize kama ameipenda. Mwambie, "Kaka, niambie nimesema nini." Akirudisha dai lako kwa maneno yake, hata kama analipinga kwa hasira, insha iko tayari kuchapwa. Akirudisha kitu kingine, usibishane naye. Fungua kauntabuku urudi hatua ya nne.