Hati ya kukamata na muda wa mashtaka: namna ya kuhesabu miaka ya dosye yako

Hapa Lubumbashi, wengi wenye dosye (faili la kesi) kwenye parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, wanaamini kwamba hati ya kukamata ikishatoka, kesi haipitwi tena na muda. Si kweli. Hati hukata hesabu na kuianzisha upya, lakini ina mpaka.

Kwanza tazama Code pénal (sheria ya makosa na adhabu) inaweka adhabu gani ya juu kabisa kwa kosa hilo. Ikiwa ni faini tupu au kifungo kisichozidi mwaka 1, mashtaka yanakufa baada ya mwaka 1. Kifungo kisichozidi miaka 5: miaka 3. Zaidi ya hapo, au adhabu ya kifo: miaka 10. Wizi wa kawaida, utapeli na kula mali uliyoaminiwa vina miaka 3. Wizi wa kuvunja nyumba una 10. Kumpiga na kumjeruhi mtu bila kupanga na bila madhara makubwa kuna mwaka mmoja tu, na hapo watu wanapoteza haki yao kwa uchungu, maana wanangoja wazee wa familia wapatanishe hadi muda unaisha. Mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya binadamu havipitwi na muda kamwe.

Hesabu inaanza siku kosa lilipotendwa, si siku ulipoligundua. Plente (malalamiko) yako peke yake haikati muda. Kinachoukata ni kitendo cha upelelezi au cha kushtaki: PV (maandishi rasmi) ya OPJ, yaani ofisa wa upelelezi, mandat de comparution (hati ya kumwita mtu afike), mandat d'amener (hati ya kumkamata mtu na kumleta), au wito wa kufika mbele ya tribinali. Kwa hiyo usitosheke na aksize (uthibitisho kwamba imepokelewa) ya barua yako. Uliza kama kuna PV iliyofunguliwa, na ya tarehe gani.

Chukua mfano. Mtu wa Katuba alipewa pikipiki auze, akala pesa tarehe 10 Machi 2021. Muda unaisha Machi 2024. Tarehe 5 Februari 2024 mwendesha mashtaka anatoa mandat d'amener: miaka 3 mipya inaanza siku hiyo, hata kama mtu amekimbilia Kolwezi na hajakamatwa. Inawahusu pia wenzake ambao majina yao hayamo kwenye hati. Lakini hati nyingine ikitolewa mwaka 2025 haiongezi kitu, kwa sababu kitendo kinachokata muda lazima kifanyike ndani ya miaka 3 ya kwanza. Kama tribinali haijahukumu kufikia Februari 2027, mashtaka yamekufa.

Usichanganye muda huo na uhai wa hati yenyewe. Mandat d'amener inadumu miezi 3, kisha lazima ifanywe upya ili polisi waweze kumleta mtu. Hati iliyokwisha haiwezi tena kumkamata mtu, ila tarehe yake bado inahesabika kwenye dosye.

Makosa yanayoharibu kesi mara nyingi yako kwenye karatasi: hati isiyo na tarehe, isiyo na sahihi, au iliyotolewa na asiye na mamlaka. Hati batili haikati muda. Mwambie avoka (wakili) wako aisome dosye kwa grefie (karani wa tribinali), aandike tarehe ya kosa na ya kila kitendo. Ukiwa mshtakiwa na muda umepita, sema mbele ya jaji hata kama kesi imefika mbali. Naye anapaswa kuliona hilo hata usiposema.