Mada ya utafiti: hatua nilizompitisha mdogo wangu, na ile iliyonila miezi mitano

Mwezi uliopita mdogo wangu, binti wa ami yangu, alinijia Chake Chake, hapa Pemba, na bahasha ya kaki mkononi. Ndani mna karatasi moja, na karatasi ina mstari mmoja: "Athari za mabadiliko ya tabianchi kwa maendeleo ya Zanzibar." Yuko mwaka wa tatu, na msimamizi wake kampa siku kumi na nne apeleke mada.

"Kaka, hii si nzuri?"

Nikamwambia nzuri sana, ila inawafaa mawaziri watatu na bajeti zao, si wewe na nauli yako ya daladala. Tukakaa ukumbini mpaka alasiri. Nayaandika hapa tuliyoyafanya kwa sababu yeye ni wa nne mwaka huu kuniuliza jambo hilihili, na nimechoka kulieleza upya.

Hatua ya 1: Andika malalamiko, usiandike mada

Chukua daftari la mistari na kalamu. Nimesema daftari. Zile programu za simu za kuchora viduara na mishale zina rangi za kupendeza, lakini ukimaliza una picha na huna mada. Na kuiomba akili mnemba ikupe "mada kumi za utafiti Zanzibar" ni kujitakia. Darasa zima limeiomba hivyohivyo, na msimamizi kashaziona zote kumi kabla wewe hujapiga hodi.

Orodhesha mambo ishirini ambayo watu wa kwenu wanayalalamikia au wanayabishania. Barazani baada ya magharibi wanagombania nini? Kwa nini watoto wa kijiji fulani wanamezeshwa dawa ya kichocho skuli, na jioni wamo mtoni wanaoga? Kwa nini mvuvi huyu kakubali uvuvi wa pweza ufungwe miezi kadhaa na jirani yake kakataa? Usichague kitu bado. Kumi za mwanzo zitakuwa zile za redioni. Kuanzia ya kumi na mbili hivi ndipo unaanza kuandika yako.

Mdogo wangu alikwama kwenye ya saba. Nikamwuliza habari za mama yake mkubwa aliyeko Kiuyu, bado analima mwani? "Kaacha." Lini? "Mwaka juzi." Kwa nini? Kimya. Siku hizi anafanya nini? Kimya tena, kisha akacheka. Nikamwambia hicho unachokichekea ndiyo nambari nane, kiandike.

Hatua ya 2: Kata

Kila jambo lililokuvutia lipitishe kwenye maswali matatu: nani, wapi, tangu lini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima, na 543,441 kati yao wako Pemba. Hutawahoji hao. Utahoji watu wa shehia moja, yaani eneo dogo lenye Sheha wake, na hata hiyo itakutoa jasho.

Kata pia swali ambalo jibu lake limeshapatikana. Kwa nini mwani unakufa? Wataalamu wa bahari wamelieleza hilo miaka mingi: cottonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, haistahamili maji yakipata moto, na spinosum inastahamili zaidi lakini bei yake ni ndogo. Mwanafunzi wa sayansi za jamii hana kipimajoto wala maabara, atawaongezea nini? Lakini mwanamke aliyeacha kufunga kamba zake za mwani kahamia kwenye kazi gani, hilo linahitaji miguu na adabu tu.

Hatua ya 3: Tazama nani kashaandika

Maktaba na Google Scholar mnazijua, sitazieleza. La kuzingatia ni moja. Tafuta "Pemba" peke yake na "Zanzibar" peke yake, kwa maana kazi nyingi zilizofanyika Unguja zimeandikwa Zanzibar juu, na ukizisoma ndani Pemba haimo. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza 1989, Paje na Jambiani, kwa hiyo pwani hiyo ya Unguja imeandikwa na kuandikwa tena. Sehemu kubwa ya mwani siku hizi inatoka Pemba, na maandishi yake bado hayajalingana na mwani wake.

Ukigundua kuna aliyekutangulia, usilie. Soma kurasa zake za mwisho, pale anapotaja asichokifikia. Mada za bure hizo. Kama yako ni ya historia, Nyaraka za Taifa wako Kilimani, Unguja, nenda mwenyewe.

Hatua ya 4: Siku moja uwanjani kabla ya kuandika kichwa

Hii wengi wanairuka. Mimi niliiruka.

Nilipokuwa mwanafunzi nilichagua "Sababu za wakulima kuuza karafuu kwa magendo." Kichwa kizuri, msimamizi kakipenda, jopo limekipitisha. Kwa asiyejua: kwa sheria karafuu kavu huuzwa kwa shirika la serikali, ZSTC, na kila Mpemba anajua kwamba kuna magunia huondoka usiku kwa njia nyengine. Nikachapisha hojaji sitini. Swali la tisa: "Je, umewahi kuuza karafuu nje ya ZSTC?"

Hapana. Hapana. Hapana. Sitini, zote hapana.

Mzee mmoja aliishika ile karatasi, akaigeuza nyuma kutazama kama ina muhuri, akaniuliza, "Wewe mtoto wa nani?" Nikamtajia baba na babu. Akasema, "Babu yako namjua, mtu mwema. Na wewe umetumwa na nani?" Kisha akaniagizia kahawa, tukazungumza mvua.

Miezi mitano hiyo, na pesa ya kuchapisha ya mama yangu. Nikaingiza yote kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, ikanipa asilimia mia moja. Msimamizi akaitazama ile jedwali, akaniuliza haya ni matokeo ya utafiti au ni watu wamekufanyia adabu? Nikabadilisha mada. Nikauliza wachumaji wanavyolipwa kwa pishi na wanavyogombana juu ya kipimo cha pishi. Hilo hakuna anayelificha, wengine walinifuata njiani waniongezee.

Kwa hiyo siku moja. Usichukue hojaji. Weka maswali matatu kichwani, uzungumze na watu watano, urudi uandike usiku huohuo. Hutafuti data, unatafuta kama mlango unafunguka. Na kuna mambo yake.

Kwanza pita kwa Sheha, kiongozi wa shehia, hata kama ni siku moja, hata kama ni kijiji cha mamako. Sheha akisikia habari zako kwa mtu mwengine, kibali chako cha baadaye kitakuwa kizito.

Pili, jua mahali penyewe pana saa gani. Mdogo wangu alipanda gari la Micheweni Jumanne, akafika Kiuyu, pwani tupu. Maji mafu, siku ambazo bahari haitoki mbali. Mashamba yamefunikwa, wanawake wote wako majumbani, aliyeacha na asiyeacha wamekaa pamoja wanasuka ukili, utamjua nani? Akarudi kanuna. Nikamwambia rudi Jumanne ijayo, bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu. Akafika saa nne asubuhi, maji yametoka mbali, kina mama wako huko mbele na kamba zao, hakuna aliyeinua kichwa kumjibu. Akataka kununa tena. Kisha akageuka nyuma, akatazama kijijini. Waliobaki majumbani saa ile ndio walioacha! Alipata orodha yake asubuhi moja bila kumwuliza mtu.

Wewe mada yako huenda haina bamvua, lakini ina kitu chake. Msimu wa karafuu ukikolea usitegemee kumkuta mtu barazani mchana. Ramadhani watu wanazungumza vizuri baada ya tarawehe, si saa tisa. Masika barabara za ndani zinakuchagulia sampuli.

Tatu, sikiliza maneno yako yanavyopokewa. Aliuliza, "Mama, kwa nini umeacha mwani?" Akajibiwa, "Sijaacha, nimepumzika." Wa pili hivyohivyo. Wa tatu kapumzika miaka mitatu. Hili ni jambo kubwa, msilipite: kama neno lililo kwenye kichwa chako wenyewe hawalikubali, utafiti wote unachechemea. Tulikaa juu yake jioni nzima, tukaamua "aliyeacha" ni ambaye hajafunga hata kamba moja kwa mwaka mzima, ajiite vyovyote. Akajaribu pia "kipato chako kwa mwezi ni kiasi gani?" Mwani huvunwa baada ya wiki sita hivi, mwezi unaingiaje hapo? Bibi mmoja alimwambia, "Mimi sina kipato, nauza mwani tu." Swali likafutwa, likawa: mara ya mwisho ulipouza ulipata ngapi, na ulinunua nini.

Nne, kama mada yako inategemea makaratasi, yatake uyaone. "Yapo" haitoshi. Ukiambiwa daftari lipo, omba lifunguliwe, tazama ukurasa wa kwanza, wa mwisho, na miaka iliyorukwa katikati. Nimemwona mwenzangu akiambiwa "yapo" muhula mzima, na yalikuwepo kweli, zamani.

Tano, wagonjwa na watoto. Utafiti wa afya una njia yake ya kibali cha maadili kupitia Taasisi ya Utafiti wa Afya Zanzibar, na inataka muda. Kama una muhula mmoja tu, fikiri mara mbili. Si kwamba wanazuia, wewe ndiye huna siku.

Na habari ya sampuli, kwa kuwa nitaulizwa. Kila tasnifu niliyoishika ina ile fomula ya Yamane ya kupata idadi ya watu wa kuhojiwa: watu 400, kosa la asilimia tano, unapata 200. Hesabu ni sahihi. Lakini walioacha mwani katika kijiji kile ni wachache, unawajua kwa majina, fomula ya nini? Zungumza nao wote.

Hatua ya 5: Mpelekee msimamizi mbili

Moja unayoitaka na moja unayoweza kuishi nayo. Ukipeleka moja ataikosoa, ukipeleka mbili atachagua. Kila moja nusu ukurasa, na uandike kabisa: nilikwenda siku fulani, nilizungumza na watu watano, wamenijibu hivi. Mdogo wangu anasema msimamizi alipofika kwenye hiyo sentensi alivua miwani.

Hatua ya 6: Sasa andika kichwa

Dakika kumi. Nani, wapi, nini. Chake kimekuwa "Shughuli za kujipatia riziki za wanawake walioacha kilimo cha mwani katika shehia moja ya Wilaya ya Micheweni, Pemba." Si kizuri kama cha kwanza, na hakina neno maendeleo. Msimamizi alitaka "walioacha" ielezwe ukurasa wa kwanza, na maelezo tulikuwa nayo tayari.

Barua ya chuo kapata, kwa Sheha kashapita tena. Jana usiku kanipigia simu, nikadhani kakwama kwenye sura ya pili. Alikuwa anauliza mwezi leo ni wa siku ngapi.