Logi zimejaza diski: namna ya kuzizungusha

Seva ikigoma kuandika na `df -h` ikaonyesha diski imejaa 100%, anza kuchungulia `/var/log`, saraka ya logi (faili ambazo programu huandikia kumbukumbu za kazi zake). Mfano hapa ni Nginx (programu ya seva ya wavuti) kwenye Debian au Ubuntu.

1. Tafuta faili iliyonenepa

`sudo du -ah /var/log | sort -h | tail`

2. Ondoa yaliyomo, usiifute faili yenyewe

Hatua hii ndiyo inayokula saa za watu. Ukitumia `rm`, jina linatoweka kwenye saraka, lakini programu iliyoifungua faili bado imeishikilia na inazidi kuiandikia. `du` itakuonyesha nafasi imepatikana, `df` itashikilia kwamba diski imejaa, na zote mbili ziko sahihi: `du` hujumlisha faili zenye majina, `df` huhesabu nafasi iliyoshikwa. Nafasi hairudi mpaka programu iifunge faili. Kama umeshafuta, mtafute anayeishikilia:

`sudo lsof +L1`

Kisha iambie programu hiyo ifungue logi upya (Nginx: `sudo nginx -s reopen`). Isipokuwa na uwezo huo, izime uiwashe. Kama hujafuta, hii inatosha:

`sudo truncate -s 0 /var/log/nginx/access.log`

Lakini yaliyofutwa hivyo hayarudi. Ikiwa unachunguza uvamizi, nakili faili kwenye diski nyingine kwanza.

3. Hariri `/etc/logrotate.d/nginx`

Hii ni mipangilio ya logrotate, programu inayozungusha logi: huiweka ya zamani kando, huanzisha mpya, na hufuta zilizopitwa na wakati. Amri zilizo chini ya `postrotate` huendeshwa baada ya kuzungusha.

```
/var/log/nginx/*.log {
    daily
    maxsize 500M
    rotate 14
    missingok
    notifempty
    compress
    delaycompress
    create 0640 www-data adm
    sharedscripts
    postrotate
        nginx -s reopen
    endscript
}
```

Wengi hukimbilia `copytruncate`, inayonakili logi kisha kufuta yaliyomo kwenye faili ya awali, kwa sababu haihitaji `postrotate`. Mimi siitumii panapokuwa na njia nyingine: mistari inayoandikwa kati ya kunakili na kufuta hupotea, tena nakala yenyewe inadai nafasi kwenye diski ambayo tayari imebanwa.

Angalia pia `maxsize`. Haikeshi ikilinda faili. Hupimwa pale tu logrotate inapoendeshwa, na kwa kawaida hiyo ni mara moja kwa siku. Logi zako zikikua haraka, iendeshe kila saa.

4. Jaribu

`sudo logrotate -d /etc/logrotate.d/nginx`

Hiyo haigusi kitu. Ukiridhika, weka `-f` badala ya `-d`, kisha tembelea tovuti na utazame ukubwa wa faili: `access.log` ikibaki 0 huku `access.log.1` ikiongezeka, `postrotate` haijafanya kazi.