Kutoa betri ya asidi na kufunga ya lithiamu kwenye sola ya nyumbani

Betri ya LiFePO4, aina ya lithiamu tunayoifunga hapa, ya 100Ah ina uzito wa kilo 12 hivi, wakati ya asidi hukaribia 30. Ya asidi ukiishusha chini ya nusu kila siku unaiua mapema. Hii ya lithiamu unatumia 80% bila wasiwasi. Ila usichomoe ya zamani na kuchomeka mpya hapohapo.

1. Soma lebo. Tafuta 12.8V, yaani seli nne za 3.2V. Ukikuta 11.1V au 14.8V, hiyo ni lithiamu ya aina nyingine, hushika moto kwa urahisi zaidi, na mwongozo huu hauihusu. Iwe na saketi ya ulinzi ndani, ile mafundi tunaiita BMS.

2. Kata umeme. Zima inveta, tenganisha paneli, kisha toa betri ya zamani ukianzia hasi. Vua pete na saa. Usiunganishe ya zamani na mpya eti zisaidiane.

3. Funga fyuzi karibu kabisa na chanya. Inveta ya wati 1000 huvuta ampea 90 hivi ikibeba mzigo wote: weka fyuzi ya DC ya 125A na waya wa 35mm², na hakikisha BMS inaruhusu ampea 100. Nyaya zikigusana bila fyuzi, waya unawaka kabla hujafika mlangoni.

4. Panga kontrola, kile kifaa kinachosimamia chaji kutoka paneli kwenda betri. Hapa ndipo kazi nyingi huharibikia. Unganisha betri kwanza, paneli bado imekatwa. Chagua lithiamu, kama haipo, andika mwenyewe: kuchaji 14.2V hadi 14.4V, kushikilia 13.5V. Zima kabisa ile chaji ya kusawazisha, ambayo ni dawa ya betri ya maji tu, pamoja na fidia ya joto, ile inayobadilisha volti za kuchaji kufuata joto.

Niliwahi kuitwa nyumba moja, taa zote zimeungua. Kontrola ilikuwa imeachwa kwenye mpangilio wa asidi, ikapandisha volti kupita kiasi. BMS ikajikata ili kulinda seli, kama ilivyotengenezwa. Jua lilikuwa kali, kontrola ikabaki haina betri ya kuituliza, volti zikaruka hadi kwenye taa. Betri ilipona. Mama mwenye nyumba alinunua taa zote upya, na iliniuma, kwa sababu ni kazi ya dakika tano.

5. Unganisha paneli, mwisho wa yote.

Betri isikae darini chini ya mabati: joto likizidi nyuzi 45, kuchaji huizeesha. Isizibe njia ya kutokea pia. Ikivimba, acha kuitumia. Ikitoa moshi, toa watu nje kwanza. Moshi wake ni sumu na unaweza kulipuka.

Usikisie chaji kwa volti: 13.2V inaweza kuwa 50% au 70%. Funga mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka.

Kisha washa mzigo mkubwa kwa nusu saa, zima kila kitu, gusa viungio kimoja kimoja. Chenye joto kuliko wenzake kimelegea, kikaze, urudie.