Una kisukari na unapanda Moshi Disemba? Soma kabla hujashika kata ya mbege

Mwenzenu nina kisukari, na Disemba nikipanda Kibosho kukataa kata ya mbege ni ugomvi, kwahiyo nawaelewa. Kama unaweza kuacha kabisa acha, ila kama utakunywa tu basi jua hili.

Wengi tunaogopa sukari kupanda. Kweli mbege ni ndizi na ulezi inapandisha, na konyagi ya kuchanganya na soda ndo usiseme, ila balaa lenyewe ni sukari KUSHUKA. Ini ndo linatunza sukari ya akiba linaiachia pale hujala, sasa ukinywa linahangaika na pombe kwanza, akiba inabaki ndani, huku insulini uliyochoma au glibenklamaidi (kidonge cha kushusha sukari) uliyomeza inaendelea kushusha tu, na inaweza kukukuta umelala au hata kesho yake, mpaka masaa 24. Wa metformini (kidonge kingine cha kisukari) nanyi msijichekee, pombe nyingi na hiyo dawa inaweza kujaza asidi kwenye damu.

Kwahiyo usinywe na njaa. Kula kwanza, mtori, machalari, ndizi nyama, chochote chenye wanga, usisubiri nyama choma peke yake maana nyama haina wanga. Ushauri wa kawaida ni bia moja kwa mwanamke na mbili kwa mwanaume kwa siku, lakini hiyo moja ni kama mili 350 za bia, chupa yetu ya 500 ni karibu moja na nusu, kwahiyo usihesabu chupa ukajidanganya. Na ukicheza muziki sana nako kunashusha.

Kabla ya kulala pima, hata kama umechoka vipi. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L kwenye mashine) kunywa sukari vijiko vya chai vitatu kwenye maji, subiri dakika 15, pima tena, ikipanda kula kitu ndo ulale.

Afu mwambie mtu mmoja ASIYEKUNYWA. Sukari ikishuka unatoka jasho, unatetemeka, ulimi mzito, unaongea pumba, yani mlevi kabisa, na watu watasema mjomba kalewa mlazeni huko ndani. Huyo mtu ndo atasema hapana pimeni kwanza. Na ukiwa umezimia asikumiminie kitu mdomoni, akulaze ubavu, gari litafutwe usiku huohuo mshuke hospitali, KCMC au Mawenzi, si mpaka kupambazuke.