Mbwa wakubwa uani kwako: namna ya kuanza, na kwa nini banda moja libaki tupu

Tangu serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, huku hakujapoa kwa ujenzi. Karibu kila saiti ina mbwa wa kulinda nondo na saruji: chotara wa German Shepherd, Rottweiler, siku hizi hata Boerboel. Nyumba ikiisha, fundi huyo kaondoka, mwenye nyumba kahamishwa kikazi, mbwa kabaki na mnyororo shingoni. Hao ndio ninaowapokea hapa kwangu Nzuguni. Leo wapo saba, na mabanda ni manane.

Hatua ya 1: Mtaa kwanza, misumari baadaye

Nenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kisha kwa afisa mifugo wa kata. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakubana wewe unayemfuga, hata kama mwingine ndiye aliyemtelekeza. Mbwa akikonda uani kwako, kesi ni yako. Halafu pita kwa majirani mmoja mmoja. Mzee anayepita kwangu alfajiri akienda msikitini aliniambia, "Mwanangu, sina ugomvi na mbwa wako, ila mate yake yakigusa kanzu yangu siwezi kuswali nayo." Nilihamisha geti la mbwa upande wa pili. Iligharimu siku mbili za fundi, na tangu hapo mzee huyo ndiye ananitetea kwenye vikao vya mtaa.

Hatua ya 2: Uzio na kivuli

Uzio uwe mita 2 kwenda juu. Chini chimba kama sentimita 40 umwage zege, maana mbwa wa saiti amezoea kufukua. Kila banda liwe na angalau mita 2 kwa 4, sakafu ya zege yenye mwinuko ili maji ya kuoshea yatoke yenyewe, na isisuguliwe ikawa laini. Mbwa wa kilo 45 akiteleza anaumia nyonga.

Bati peke yake ni tanuri. Oktoba na Novemba, kabla ya mvua, mbwa mwenye manyoya mengi anaweza kufa kwa joto mchana mmoja. Inua paa, tandika nyasi juu ya bati, panda mwarobaini mapema kwa sababu unavumilia ukame wetu. Mgongo wa mabanda uelekee mashariki, upepo mwingi wa hapa unatoka huko na vumbi lake.

Maji yapigie hesabu kabla ya mbwa. Mbwa wa kilo 40 anakunywa lita 2 au zaidi kwa siku, kwenye joto hata mara mbili ya hapo, na kuosha mabanda ni ndoo nyingine kadhaa. Kama simtanki lako halikutoshi wewe na watoto, bado hujafika wakati wa kufuga mbwa saba.

Hatua ya 3: Banda tupu

Hili ndilo nililojifunza kwa machozi. Mwaka wangu wa kwanza nilipokea dume mmoja jioni, mabanda yamejaa, nikamlaza na wenzake "kwa usiku huu tu." Alikuja na parvo, ugonjwa wa virusi unaomharisha mbwa damu. Nilizika watatu, yeye akapona.

Tangu hapo banda la nane, lililo mbali na mengine, halina mwenyeji wa kudumu. Kila mgeni analala humo siku 14, na vyombo vyake, fagio lake, viatu vyangu vya huko huko. Yeye ndiye wa mwisho kuhudumiwa kila siku. Akitoka, toa kinyesi chote, osha kwa sabuni, kisha mwagia jiki kikombe kimoja kwa vikombe 30 vya maji, uache dakika kumi. Kirusi cha parvo kinakaa kwenye udongo miezi mingi, ndiyo maana banda hili lina zege mpaka mlangoni.

Siku ya kwanza usimwogeshe wala kumshika sana. Mpe maji, chakula kidogo, kimya. Siku ya pili au ya tatu mwite daktari wa mifugo: chanjo ya kichaa, chanjo ya parvo na homa ya mbwa (distemper), dawa ya minyoo, na kupe. Ufizi mweupe na uchovu kwa mbwa mwenye kupe ni dalili ya ugonjwa wa damu, usimpe vitamini ukingoje. Dume au jike anayevuja damu sehemu za siri huenda ana uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana. Unatibika kwa sindano za kila wiki.

Siku 14 haziondoi hofu ya kichaa, kwa kuwa kinaweza kujificha wiki au miezi. Wewe na kila anayekusaidia mchanjwe kabla ya kuanza. Mbwa aking'ata mtu, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, halafu hospitali siku hiyo hiyo, na afisa mifugo apewe taarifa. Kitunguu saumu na mafuta ya taa havitibu kichaa.

Hatua ya 4: Chungu

Mbwa wa kilo 35 mwenye afya kwangu anapata kwa siku dona robo kilo hivi, utumbo au vichwa nusu kilo, na kiganja cha dagaa. Hakuna chumvi, hakuna vitunguu. Pima kwa kumwangalia: mbavu uziguse kirahisi lakini usizione.

Mahindi yaliyoota ukungu huuzwa bei ya kutupa, na watu watakwambia "ni ya mbwa tu." Kataa. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu hapa Dodoma na Manyara. Ini la mbwa haliwezi kuhimili kilichoshinda la binadamu. Kataa pia zabibu na makapi yake, ambayo mji huu unayo tele: zinaweza kuua figo za mbwa. Ini na mapafu ya machinjioni chemsha mpaka yaive kabisa, kwani malengelenge yaliyomo yanampa mbwa tegu anayerudi kwa watoto wako. Mifupa iliyopikwa inavunjika vichongo, itoe.

Gawa mara mbili kwa siku, na asikimbie saa moja kabla na baada ya kula. Mbwa wenye kifua kirefu hupatwa na tumbo kujaa gesi na kujisokota: linakuwa gumu kama ngoma, anajaribu kutapika hakitoki kitu. Ni saa chache tu hizo. Namba ya daktari anayefanya upasuaji uwe nayo kabla.

Hatua ya 5: Kumtoa

Mkutanishe na wenzake nje ya uzio, kwa kamba, watu wawili mkitembea sambamba, si ana kwa ana getini. Mhasi kabla hajaondoka. Anayemtaka niende kwake nikaone uzio. Akisema atamfunga mnyororo mchana kutwa, namuaga kwa heshima.

Na simu zitakuja. Wiki iliyopita mama mmoja wa Ihumwa alipiga, ana Boerboel wa saiti, mwenye mbwa kasafiri. Banda la nane lilikuwa na mgeni wa siku ya tano. Sikumwambia alete. Nilimpelekea gunia la dona, nikaenda na daktari kumchanja pale pale, tukaandikiana mbwa aje Jumatatu ya wiki ijayo.